Malkia Mpya Mzingani: Je, Ufalme Umevunjika?

*"Shikamoo mtaalamu. Nina mizinga sita ya masanduku yenye viunzi vya juu, nje kidogo ya kijiji chetu wilayani Bahi. Usiku wa tarehe 4 Mei tulirina asali katika mzinga wa tatu, na asubuhi nikamkuta malkia amepondeka juu ya sega tulilolikata. Tarehe 11 nilifungua nikaona vitu vinne vinavyoning'inia kama maganda ya karanga. Tarehe 19 kimoja kilikuwa kimefunguka nchani na vitatu vimetobolewa ubavuni, nikafurahi kwamba malkia mpya ameshika kiti. Lakini nilifungua tena tarehe 24, na jana tarehe 28: hakuna yai, hakuna jana (mtoto wa nyuki) hata moja, malkia simwoni, masega ya katikati ni matupu yanang'aa na ya pembeni yamejaa asali. Nyuki wamekuwa wakali kupita kiasi na wamewauma mbuzi wa jirani. Babu yangu, aliyefuga nyuki kwenye magogo tangu ujana wake, anasema ufalme umevunjika, nyuki watahama, hivyo nirine asali yote iliyobaki. Rafiki yangu ananishauri ninunue malkia. Nifanye nini?"*

Marahaba. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, kwa sababu umefanya jambo ambalo wafugaji wengi hawalifanyi: umeandika tarehe. Unaogopa kwamba malkia mpya amepotea au ni tasa, kwamba kundi liko ukingoni mwa kuhama, na kwamba usipowahi asali utakosa vyote viwili. Kwa kadiri ninavyoweza kuhukumu kutoka hapa Dodoma mjini bila kuuona mzinga wenyewe, tarehe zako zinasema kinyume. Mzinga wako uko mahali hasa ambapo mzinga uliopoteza malkia usiku wa tarehe 4 Mei unapaswa kuwa leo tarehe 29. Usirine, usinunue malkia, na usiufungue tena kabla ya tarehe 8 Juni. Sababu zake ni ndefu kidogo, na ningependa uzifahamu, maana bila kuzifahamu hutaweza kuvumilia siku kumi bila kuinua kifuniko.

Nianze na neno "ufalme", ambalo ndilo linalotupotosha. Wahenga wa Ulaya walidhani anayekaa katikati ya nyuki ni mfalme dume. Aristotle alimwita hivyo, na dhana hiyo ilidumu hadi karne ya 17, Mholanzi Jan Swammerdam alipompasua "mfalme" huyo chini ya kioo cha kukuzia akamkuta amejaa mayai. Jinsia ikasahihishwa, lakini kiti cha enzi kikabaki, na mpaka leo tunasema malkia ametawala, malkia ameamuru. Malkia wa nyuki hatoi amri yoyote. Hachagui siku ya kuhama, hagawi kazi, na hata chakula analishwa mdomoni. Kazi zake ni mbili tu: kutaga, ambapo wakati wa maua mengi anaweza kupita mayai 1,000 kwa siku moja, na kutoa harufu inayowajulisha vibarua, yaani nyuki wa kike wafanyao kazi, kwamba yupo. Mambo mengine yote yamo mikononi mwa vibarua wenyewe, na ndiyo maana mzinga hauanguki siku malkia anapokufa. Kinachokoma siku hiyo ni uzazi, na madhara ya uzazi uliokoma huonekana kwa kuchelewa.

Harufu hiyo haienei hewani kama moshi. Vibarua wanaomhudumia malkia humlamba na kumgusa, kisha hugusana na wenzao, na wenzao na wengine, hadi habari inazunguka mzinga mzima. Kwa kuwa lazima ipelekwe upya kila wakati, ikikatika nyuki hutambua ndani ya saa chache. Usiku ule, pengine kabla hujamaliza kuchuja asali yako, walikwisha kujua. Ukiinamisha sikio kwenye mzinga wa namna hiyo utasikia mvumo wa juu na wa kutotulia, tofauti kabisa na mnong'ono mzito wa mzinga wenye malkia. Wanapokuwa na mabuu machanga, nyuki hawakai wakilia msiba. Huchagua mabuu machache ya kike yenye umri wa siku moja au mbili, mabuu ambayo yangekuwa vibarua wa kawaida, huyapanulia vyumba na kuyamiminia maziwa ya nyuki bila kipimo hadi chumba kitakapofungwa. Yai ni lile lile, mama ni yule yule. Lishe ndiyo inayoamua nani awe kibarua na nani awe malkia.

Vile ulivyoviita maganda ya karanga ndivyo vyumba vya malkia, na ulichokiona tarehe 19 ni habari njema kuliko ulivyodhani. Chumba kilichofunguka nchani, mara nyingi kikiacha kifuniko cha duara kikining'inia kama cha kopo, ni chumba ambacho malkia ametoka mwenyewe akiwa hai. Vyumba vilivyotobolewa ubavuni ni vya wapinzani wake: malkia wa kwanza kutoka huwatafuta wengine, hupitisha mwiba wake ubavuni mwa chumba, na vibarua humalizia kubomoa. Basi tuna hakika ya jambo moja: malkia mpya alizaliwa, na alikuwa na nguvu za kutosha kuwaua wenzake watatu. Swali lililobaki ni kama alirudi salama kutoka kwenye safari ya kupandana.

Hapa ndipo kalenda inapotusaidia. Malkia hukamilika kwa takriban siku 16 tangu yai kutagwa, na nyuki wetu wa nyanda hizi wakati mwingine huwahi kidogo. Kwa kuwa walianza na buu ambalo tayari lilikuwa na siku nne au tano tangu kutagwa, malkia wako alitoka kati ya tarehe 14 na 16 Mei. Alipotoka hakuwa tayari kwa lolote. Alihitaji kama juma moja mwili ukomae, kisha siku zenye jua na upepo mdogo ili aruke nje akapandane angani na madume kumi, kumi na watano, hata ishirini, kutoka mizinga mingine na viota vya porini. (Kwamba kupandana hufanyika nje ya mzinga ilithibitishwa mwishoni mwa karne ya 18 na François Huber wa Geneva, mtu aliyekuwa kipofu, akitumia macho ya msaidizi wake. Huwa nawakumbusha vijana wanaoniambia kwamba bila vifaa vya kisasa hawawezi kuchunguza nyuki.) Mbegu za madume wale huzihifadhi katika kifuko ndani ya mwili wake na kuzitumia maisha yake yote. Akisharudi, hupita siku mbili hadi nne kabla ya yai la kwanza. Jumlisha: siku 11 za kulelewa, saba za kukomaa, kadhaa za kusubiri hali ya hewa na kupandana, tatu za maandalizi. Unapata siku 21 akiwahi sana, na 30 au zaidi upepo wa Bahi ukimzuia. Leo ni siku ya 25.

Kutokuona jana hata moja nako kuna hesabu yake. Yai la mwisho la malkia wa zamani lilitagwa tarehe 4, na kibarua hutoka chumbani baada ya siku 20 hivi, kwa hiyo tarehe 24 mtoto wa mwisho wa kike wa mama yule alikuwa anatoka au amekwisha kutoka. Mzinga mzima ukabaki bila mayai, bila mabuu, bila majana yaliyofunikwa. Unatisha kuutazama, lakini ni pengo la lazima kati ya malkia wawili. Malkia asiyepandana bado ni mdogo wa tumbo, ana mbio, na anaogopa mwanga. Hata mimi, baada ya miaka mingi ya kazi hii, namkosa mara nyingi kuliko ninavyomwona.

Asali iliyojaa pembeni inaeleweka hivyo hivyo. Mabuu ndiyo walaji wakubwa wa chavua na asali, na yasipokuwepo, mbochi (maji matamu ya maua) unaoingia hauna wa kuula, hivyo huwekwa popote penye nafasi. Ndiyo maana mzinga usio na majana unaweza kuonekana tajiri kwa majuma mawili au matatu, ukamshawishi mfugaji kwamba umefika wakati wa kurina. Zaidi ya hapo, umeandika kwa kupita tu kwamba masega ya katikati ni matupu na yanang'aa. Hilo ndilo lililonipa matumaini kuliko yote. Vibarua husafisha na kung'arisha vitundu vya sega pale wanapotarajia mayai; wasiokuwa na malkia wa kumtarajia kwa kawaida wangevijaza katikati vile vile. Si uthibitisho kamili, lakini ningeweka shilingi yangu upande huo.

Kuhusu ukali, sitaki kukufariji kupita kiasi. Nyuki wasio na malkia anayetaga huwa na hasira, hilo ni kweli. Lakini mwishoni mwa Mei mvua zimekoma, alizeti zimefunga maua, na mzinga wowote wa Bahi huanza kulinda akiba yake kwa wivu. Na wewe, nisamehe kwa kusema hivi, umewafungulia mara nne ndani ya majuma matatu. Kila nyuki anayeuma huacha harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, nayo huwaita wengine waje kuuma mahali pale pale. Harufu hiyo hukaa kwenye vazi lako la kinga na kwenye glavu, na ukirudi na vazi lisilofuliwa umekuja na tarumbeta ya vita. Lifue. Na mbuzi wa jirani wahamishiwe malisho mengine hadi katikati ya Julai, kwa gharama yako ikibidi, kwa sababu ujirani ukivunjika hutabaki na manzuki (mahali pa kufugia nyuki) hapo.

Sasa babu. Asemayo yana mizizi katika mambo aliyoyaona kweli. Mfugaji wa magogo hakuwa na njia ya kutazama ndani. Alipoona mzinga uliokuwa na vurugu umebaki mtupu mwezi uliofuata, alihitimisha kwamba nyuki wamehama. Mara nyingi kundi lililokosa malkia kabisa halihami, kwa sababu bila malkia safari haina kesho. Hubaki, huzeeka, hupungua kimyakimya, kisha nondo wa nta na sisimizi huingia kumalizia. Wanaohama ni wale wenye malkia anayeweza kutaga, na husukumwa na njaa, kiu, joto, kusumbuliwa na nyegere au siafu, au mrinaji aliyewaachia masega matupu. Ukimfuata babu ukarina yote sasa, utakuwa umelitimiza kwa mikono yako lile analolihofia. Mweleze hivyo kwa adabu, umwonyeshe na tarehe zako. Wazee waliofuga magogo ni wepisi kuelewa hesabu ya siku kuliko tunavyowadhania, kwa kuwa wao wenyewe walihesabu miezi ya maua kichwani.

Ushauri wa kununua malkia una mantiki mahali pengine na wakati mwingine, lakini si katika mzinga wako leo. Ikiwa ndani kuna malkia kijana, hata kama hajataga, mgeni utakayemwingiza atazongwa na vibarua, watamfunika kama mpira hadi afe kwa joto na kukosa hewa, au malkia mwenyeji atamaliza kazi hiyo mwenyewe. Nilifanya kosa la ukoo huo nikiwa kijana kazini Manyoni. Siku ya 24 niliamua mzinga hauna malkia, nikauunganisha na mzinga jirani uliokuwa imara. Kesho yake nilikuta malkia wawili wamekufa mlangoni: mdogo mwembamba aliyekuwa karibu kuanza kutaga, na mkubwa wa mzinga jirani aliyekuwa akitaga vizuri. Nilivuruga makundi mawili kwa kukosa subira ya juma moja, na mwenye mizinga, mama mmoja mkarimu, alinikaribisha chai bila kusema neno, jambo lililoniuma zaidi kuliko kama angenifokea.

Tarehe 8 Juni, siku ya 35, fungua kama saa kumi na moja na nusu jioni, na moshi wa kiasi kutoka kwenye bomba la moshi, si wa kuwakosesha pumzi. Usimtafute malkia, tafuta mayai. Inua kiunzi kimoja cha katikati, geuka jua liwe mgongoni mwako, litazame sega kwenye sakafu ya vitundu. Ukiona yai moja katika kila kitundu, limesimama kama kipande cha uzi mweupe, yamekwisha: funga taratibu, uondoke, na usirudi kwa majuma matatu.

Usipoona mayai, usikate shauri bado. Kama viunzi vya mizinga yako vina kipimo kimoja, chukua kutoka mzinga mmoja imara sega moja dogo lenye mayai na mabuu machanga, wafagie nyuki wake kwa unyoya ili usimhamishe malkia wao, ulitundike katikati ya mzinga wa tatu. Rudi baada ya siku nne. Wakijenga vyumba vya malkia juu ya sega hilo, wamekuambia kwamba hawana malkia, na wakati huo huo umewapa malighafi ya kumtengeneza. Wasipojenga kitu, yupo, ila anachelewa, waache. Na hata ukikosea katika kusoma, majana hayo yatawaongezea vibarua na kuwatuliza. Ni kipimo kisichomdhuru mgonjwa.

Hali inayohitaji tahadhari zaidi ni ya mayai mengi ndani ya kitundu kimoja, mawili, matatu, mengine yamebandikwa kwenye kuta badala ya sakafuni, pamoja na majana yenye vifuniko vilivyotuna kama risasi katika vitundu vidogo. Hao ni vibarua waliokaa muda mrefu bila harufu ya malkia wala ya mabuu, hadi matumbo yao yakaanza kutengeneza mayai. Kwa kuwa hawajapandana, mayai yao huzaa madume matupu. Kundi likifikia hapo humkataa karibu kila malkia unayempa, nami kwa kawaida sihangaiki kuliokoa: hugawa masega yake ya asali kwa mizinga imara na kuwakung'uta nyuki mbali kidogo wajiombee hifadhi. Ukiona yai moja moja, yamekaa vizuri sakafuni, lakini vifuniko vyote ni vya kutuna, basi ni malkia asiyepandana vizuri, na huyo itabidi aondolewe kabla ya kuwapa sega la mayai.

Tuseme mambo yamekwenda vizuri na malkia ameanza kutaga tarehe 30 Mei. Bado usitarajie nguvu mara moja. Kibarua wake wa kwanza atatoka karibu tarehe 19 Juni, atafanya kazi za ndani kwa majuma mawili au matatu, na ataanza kwenda porini Julai, wakati nyika ya Dodoma imekauka na upepo ni wa baridi. Katikati ya Juni idadi ya nyuki itakuwa ndogo kuliko wakati wowote, kwa sababu waliokuwepo Mei wanakufa na hakuna walioziba nafasi zao. Hapo ndipo asali ile ya pembeni itakapokuwa uhai wao. Punguza mlango wa mzinga kwa kipande cha mbao ili walinzi wachache waweze kuulinda, paka grisi miguu ya kichanja kuzuia sisimizi, na weka chombo cha maji chenye vijiti vya kutulia karibu na manzuki. Ikiwa asali itapungua hadi ubakize sega moja tu, wape maji ya sukari kwa vipimo sawa, ndani ya mzinga, jioni tu, bila kumwaga tone nje, maana harufu yake huita wezi kutoka mizinga mingine. Mavuno ya mzinga huu kwa mwaka huu yamekwisha. Hesabu mavuno yako kwa mizinga mitano.

Kuhusu tabia ya kundi, wale wanaokuuma leo bado ni watoto wa malkia aliyekufa. Watoto wa malkia mpya watakuwa na baba wengi tofauti, hivyo wanaweza kuwa wapole kuliko ndugu zao wa zamani au wakali zaidi, na hutajua hadi Agosti, nyuki wote wakisha badilika. Ikifika Agosti na bado hupiti mita 50 kutoka mzingani bila kufukuzwa, uhamishe mzinga mbali zaidi na njia na makazi.

Mwite Afisa Nyuki wa halmashauri yako aje mwenyewe endapo tarehe 12 Juni, baada ya jaribio la sega, hujui unachokiona. Au majana yakianza kunuka uozo, kuzama vifuniko na kubadilika rangi, kwa sababu ugonjwa wa majana hautambuliwi kwa maelezo ya kuandika. Kabla ya kuhamishia sega lolote katika mzinga mwingine, hakikisha dalili hizo hazipo. Na kwa watu: mtu aliyeumwa akivimba uso au ulimi, akipata vipele mwili mzima, akibanwa pumzi au kuhisi kizunguzungu, apelekwe kituo cha afya muda huo huo hata kama ameumwa na nyuki mmoja tu, na aliyeumwa mara nyingi, hasa mtoto au mzee, apelekwe hata akisema anajisikia vizuri, kwa kuwa sumu nyingi inaweza kudhuru figo baada ya siku moja au mbili. Usiende mzingani peke yako tarehe 8. Nenda na mtu mwenye vazi lake, na simu yenye chaji.